Kunde zilizokwama chini ya ukoko: kisa cha shamba moja Kongwa

Nilipofika kwa shangazi, kesi ilikuwa imeshahukumiwa. Asubuhi ile alikuwa ametoka duka la pembejeo, mfuko mtupu wa mbegu ameukunja kwenye upindo wa kanga, na mbele ya wateja alimwambia muuzaji kwamba kamuuzia mbegu feki. Muuzaji akaapa. Wakajibizana mpaka watu wakaamulia. Sijamaliza hata kushusha begi, nikaambiwa: "Mwanangu, wewe si ndiye bwana shamba? Kesho twende ukaone nilivyoibiwa."

Kesho yake ilikuwa siku ya tisa tangu wapande. Kunde kwenye joto la Desemba la Dodoma huchomoza siku ya nne au ya tano, kwa hiyo siku ya tisa mistari ilipaswa kuonekana tangu barabarani. Tulichokikuta ni ekari moja na kitu ya udongo mwekundu, uso wake laini kama sakafu iliyosiribwa, na mche mmoja mmoja umesimama kama abiria aliyeachwa na basi.

"Unaona?" shangazi akasema.

Niliona. Ila jambo moja lilinikaa vibaya. Shamba lile lilikuwa na mazao matatu. Kunde ndizo zenye kesi, zilizonunuliwa kwa yule muuzaji. Mahindi ya upande wa bondeni yalitoka duka jingine kabisa. Mbaazi za pembeni zilikuwa mbegu yake mwenyewe, alizozihifadhi ndani ya dumu pamoja na majivu tangu mavuno. Na mazao yote matatu yalikuwa na mapengo. Muuzaji hata awe mwizi wa namna gani, hawezi kumwibia mtu mpaka kwenye dumu lake la uvunguni.

Sikulisema hilo palepale. Shangazi yangu haambiwi neno la namna hiyo kabla hajanywa chai.

Tulichokifukua

Mjukuu wake wa darasa la sita alibeba kisu cha jikoni na bakuli. Tukachagua mashimo 20 ya kunde ambayo juu yake hapakuwa na kitu, tukikatiza mistari kutoka kona moja hadi nyingine ili tusije tukafukua penye ubaya mtupu. Nilipitisha kisu ubapa chini ya udongo wa juu, nikanyanyua. Kikatoka kigae kizima, ukubwa wa kiganja, unene wa chapati mbili zilizopandana, kikavu kiasi kwamba ukikivunja kinalia. Chini yake udongo ulikuwa bado na unyevu na unakubali kidole.

Na hapo chini ndipo zilipokuwa. Katika mashimo 20, mashimo 17 yalikuwa na mbegu iliyoota. Mawili mbegu zilikuwa zimeoza, na moja lilikuwa tupu, nadhani panya aliwahi. Kumbuka haya ni mashimo yaliyochaguliwa kwa sababu hayakutoa kitu. Mbegu feki haifanyi hivyo.

Wa kwanza niliuweka kiganjani tuutazame vizuri. Shingo ilikuwa imepinda juu kama mpini wa mwavuli. Mgongo wa ile kona ndio ulioegemea kigae, hata ulikuwa na alama nyekundu ya udongo uliogandia. Mbegu yenyewe, zile nusu mbili nene, ilikuwa imeshikana bado na inaning'inia upande wa chini, imetazama ilikotoka. Katikati ya nusu hizo, ukizipanua taratibu kwa ukucha, unakiona kichipukizi cha majani halisi, kidogo kuliko punje ya mtama, safi, hakina hata mkwaruzo. Shingo ilikuwa nyeupe inayoelekea manjano, fupi, na nene karibu njiti mbili za kibiriti. Mche uliochomoza salama hatua mbili kutoka pale haukufika unene huo.

Mwingine ulikuwa umefika chini ya kigae, ukashindwa, ukatambaa kwa upande kama sentimita tatu mpaka kwenye ufa, ukatokea hapo. Baada ya kuuona huo tulirudi kuiangalia ile michache iliyokwisha kutoka. Karibu yote ilisimama kwenye nyufa, kandokando ya mawe, au ndani ya alama za kwato za ng'ombe aliyekatiza shamba baada ya mvua. Kijana ndiye aliyeligundua hilo la kwato, si mimi.

Shangazi akauchukua ule mche wa kwanza, akaugeuza. "Huu umevimba," akasema. "Unaumwa."

Nimeandika kisa hiki kwa sababu ya neno hilo. Wakulima wengi, na baadhi ya wenzangu wa ugani nisiwafiche, wakifukua wakakuta shingo fupi, nene, iliyojikunja, wanasema ni ugonjwa, au dawa ya mbegu imeunguza, au mbegu ni dhaifu. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mtu hivyo, mwaka wangu wa kwanza kazini. Ule mche haukuwa mgonjwa. Ulikuwa kazini.

Ukoko ulivyotokea

Walilima kwa trekta, wakapiga haro mara mbili mpaka udongo ukawa unga. Mabua ya mwaka uliopita yote yalikwisha liwa na mifugo. Walipanda Jumatatu. Jumanne jioni ikanyesha ile mvua ya Dodoma inayokuja kwa hasira: nusu saa, kisha kimya. Tone kubwa la mvua, la milimita 5 hivi, hutua kwa kasi ya mita 9 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Likikuta nyasi au mabua, nguvu yake inaishia hapo. Likikuta udongo mtupu ulio unga, linapasua vibonge, chembe nyembamba zinaelea, zinaingia kwenye vitundu na kuviziba, juu panabaki tope laini. Kisha jua la siku tano mfululizo. Tope likawa ukoko, kama ule wa chini ya sufuria ya wali, tofauti yake huu umekaa juu.

Udongo wa pande zile una historia yake kwenye jambo hili. Waingereza walipoanzisha mradi wao mkubwa wa karanga hapo Kongwa mwaka 1947, miongoni mwa mambo yaliyowaangusha mpaka wakaufunga mwaka 1951 ni kwamba udongo ulikauka ukawa mgumu, na karanga zikawa hazing'oki. Wao walishindwa kutoa kitu ardhini. Kunde za shangazi zilishindwa kujitoa.

Shingo iliyopinda

Kunde, maharage, choroko, soya na pamba huchomoza kwa mtindo mmoja: shingo iliyo chini ya mbegu ndiyo inayorefuka, na inainyanyua mbegu nzima mpaka juu. Ni mzigo mkubwa. Kama mche ungenyooka na kutanguliza kichwa, kile kichipukizi kingekwanguliwa na mchanga kabla hakijaona jua. Kwa hiyo shingo inajikunja, mgongo unatangulia, kichwa kinavutwa nyuma. Mtu akipita kwenye kichaka cha miiba naye hufanya hivyo: anatanguliza bega, uso anauficha. Charles Darwin na mwanawe Francis waliuchunguza mkunjo huu kwa mimea mingi na kuuandikia kwa kirefu mwaka 1880.

Mkunjo wenyewe hauko kama waya uliopindwa ukaachwa. Mche unaendelea kukua na mkunjo unabaki palepale juu, kwa sababu upande wa ndani wa kona unakua polepole na upande wa nje unakua haraka. Homoni iitwayo auksini hujikusanya upande wa ndani, na hapo inazuia ukuaji. Hali hiyo hudumu gizani. Mche ukipigwa na mwanga, hata kidogo, ukuaji wa pande mbili unageuka, kona inanyooka, nusu za mbegu zinafunguka. Kwa maneno mengine mche haujui umefika juu kwa kuhesabu sentimita. Unajua kwa kuona.

Sasa pale penye ukoko mwanga haufiki, na kuna kitu kigumu kinasukuma mgongo. Hapo ndipo inapoingia gesi ya ethilini.

Msomaji aliyekulia kwenye migomba anaijua gesi hii bila kulijua jina lake. Ukivundika ndizi shimoni na kuzifunika, ukaweka na moja iliyoiva kati yake, zinaiva kwa haraka. Ile iliyoiva inatoa ethilini, wenzake wanaipokea, nao wanaitoa. Moshi wa kuni nao unayo, ndiyo maana wengine huvundika kwa moshi. Gesi hiyohiyo hutolewa na mche mchanga, na hutolewa zaidi unapobanwa.

Ilivyojulikana ni kisa ndani ya kisa. Mwaka 1901 kijana wa Kirusi, Dimitry Neljubow, alikuwa akiotesha njegere gizani katika maabara huko St. Petersburg. Njegere zake zilitoka fupi, nene, na badala ya kwenda juu zikalala. Akiziletea hewa ya nje ya jengo, zinasimama. Maabara zilikuwa zikiwaka taa za gesi ya makaa ya mawe, na Neljubow alipochuja mambo akagundua kwamba kilichomo kwenye gesi ile kinachozilaza njegere ni ethilini. Tabia hizo tatu, kufupika, kunenepa na kulala, zikawa alama ya kuitambulia gesi hiyo. Kwa muda mrefu zilihesabiwa kama madhara ya hewa chafu. Swali la mmea kujifanyia hivyo kwa makusudi lilijibiwa mwaka 1966, Marekani, ambako Goeschl, Rappaport na Pratt walizizuia njegere kwa kizuizi cha kawaida tu, bila gesi yoyote ya kuongezewa. Zilifupika, zikanenepa, na zilipopimwa zilikuwa zinatoa ethilini nyingi kuliko zile zilizoachwa huru. Kumbe njegere za Neljubow zilikuwa zimedanganywa. Zilipata ujumbe kwamba juu pamezibwa, na hakukuwa na kitu juu.

Udongo nao unachangia. Ethilini ni gesi, na kwenye udongo wenye vitundu inatoroka. Penye mgandamano inabaki palepale na kujaa kuuzunguka mmea. Mwaka 2021 watafiti waliokuwa na Bipin Pandey na Malcolm Bennett wa Chuo Kikuu cha Nottingham walionyesha kwamba mizizi ya mpunga inautambua udongo ulioshindiliwa kwa njia hiyo. Mizizi iliyozaliwa "kiziwi" wa ethilini, yaani isiyoweza kuihisi gesi hiyo, ilizidi kupenya pale ambapo ya kawaida ilisimama. Kwa mizizi, basi, gesi hii ni amri ya kusimama. Kwa shina linalokwenda juu mambo ni kinyume kidogo: miche ya Arabidopsis, kale kammea kadogo ka maabara, iliyo kiziwi wa ethilini, ikifukiwa vizuri hushindwa kuchomoza, maana hainenepi wala haikazi mkunjo.

Unene una faida gani

Hapa nilichora chini kwa kijiti, na nairudia hesabu kwa sababu shangazi aliielewa kuliko maelezo ya homoni.

Seli za mmea husukuma kwa maji. Wilhelm Pfeffer, Mjerumani, aliizungushia mizizi plasta ya jasi na kupima msukumo wake tangu mwaka 1893. Chukua nusu megapaskali, kiasi ambacho mmea wenye maji haushindwi kukifikia. Kwa lugha ya gereji hiyo ni PSI 70 na zaidi, na tairi la gari dogo hujazwa kama 30 tu. Inaonekana nguvu kubwa, lakini inazidishwa na eneo, na eneo la shingo ya kunde ni dogo. Shingo yenye kipenyo cha milimita 3 ina eneo la milimita za mraba 7, kwa hiyo msukumo wake kwa juu kabisa ni sawa na kunyanyua gramu 360 hivi. Ikinenepa ikafika milimita 4, inakuwa gramu 640. Milimita moja, na nguvu inakaribia maradufu.

Lakini kinachoiangusha miche mingi ni shingo kupinda katikati inaposukuma. Sukuma mlango kwa chelewa moja ya ufagio uone. Ukinzani wa fimbo dhidi ya kupinda hivyo hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake. Kutoka milimita 3 hadi 4 ni zaidi ya mara tatu, na ufupi unaongeza juu ya hapo. Ule "uvimbe" alioushika shangazi ulikuwa ni jeki inayojengwa.

Jeki hiyo inajengwa kwa akiba. Chini ya udongo mche hauli jua, unakula zile nusu mbili za mbegu tu. Kila siku ya kusukuma inakata kwenye ghala hilo, na kunenepa kunakata zaidi. Kwenye bakuli letu tulizipanga nusu za mbegu kwa hali zake. Nyingi zilikuwa bado zimejaa, ngumu kwa kidole. Tano hivi zilikuwa zimeanza kulegea na kukunjamana. Sikujali sana urefu wa shingo wala umbo lake. Kilichonipa habari ya mche una siku ngapi zimebaki ni hizo nusu mbili, na nikamwambia shangazi kwamba tuna siku mbili au tatu, si wiki.

Mbaazi na mahindi

Mbaazi hazikunitia wasiwasi. Zenyewe huchelewa, na mbegu yake haipandi juu, inabaki chini na kutuma kichipukizi chembamba peke yake. Hata kikivunjika, ghala liko palepale, na kwenye maungio kuna macho mengine ya akiba. Wiki iliyofuata tuliiona miwili mitatu imetoka na vichwa viwili. Kunde ikivunjika chini ya zile nusu za mbegu imekufa, hakuna la kusubiri.

Mahindi yalikuwa na taabu yake nyingine. Hayana mkunjo, yana mkuki: ala ngumu yenye ncha inayoyafunika majani mpaka juu. Tulikuta baadhi mkuki umepasukia chini ya kigae na majani yamefunguka humohumo gizani, ya manjano, yamekunjwakunjwa kama karatasi iliyosokotwa mfukoni. Majani hayana uwezo wa kusukuma kitu. Mahindi ya namna hiyo ukiyaondolea ukoko mapema yanaweza kujinyoosha, ila mengi tuliyoyapata yalikuwa yameshachelewa.

Tatu shimoni, moja shimoni

Kuna jambo nililiona mchana tukiwa tumeshakaa kivulini, na nilikuwa nimelipita asubuhi nzima. Upande wa mashariki wa shamba ulikuwa na afadhali. Nikauliza nani alipanda huko. Shangazi mwenyewe. Alidondosha mbegu tatu kila shimo, kama alivyofundishwa na mama yake. Upande wa magharibi alipanda mjukuu, naye kwa kuwa mbegu zilikuwa za kununua, aliambiwa abane, akatia moja moja.

Tukarudi kutazama. Kwenye mashimo ya tatu, vigae vilikuwa vimenyanyuliwa, vingine vimekaa upande kama kifuniko cha sufuria inayochemka, na chini yake shingo tatu zimebanana mgongo kwa mgongo. Mche mmoja unaweza kukosa gramu 200 za msukumo ukafia hapo. Mitatu inayosukuma pahali pamoja inavunja. Kwa ardhi yenye vibonge au mabua ushauri wa kubana mbegu hauna neno, na mimi mwenyewe huutoa. Kwa udongo unaofunga kama ule, mbegu iliyookolewa kwenye mfuko inalipwa kwenye mapengo.

Mjukuu alikaa kimya. Bibi yake akamtazama kisha akanitazama mimi. "Nilimwambia abane," akasema, na hilo ndilo lililokuwa karibu zaidi na kukiri kosa kwa siku ile.

Uokoaji, na makosa yangu

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilitaka ukoko uvunjwe haraka, tukakata tawi la mgunga, tukaliburuta juu ya mistari miwili. Vigae vilivunjika vizuri sana, na shingo nazo. Tulipofukua kuangalia, mikunjo mingi ilikuwa imekatika pale ilipoegemea. Ilikuwa asubuhi, miche imejaa maji, na shingo iliyojaa maji inakatika kama karoti. Na ilikuwa imefika karibu mno na kigae. Tawi lingefaa siku ya nne au ya tano, miche ikiwa bado chini.

Tukaacha tawi. Udongo ulioshika unalegea ukilowa, hiyo ndiyo njia ya upole kuliko zote, shida ni maji. Ndoo zilitoka kisimani kwa baiskeli. Hatukuweza shamba zima, kwa hiyo tukachagua upande wa mashariki, wa mbegu tatu, tukanyunyizia mistari peke yake jioni kwa kopo lililotobolewa, bila kumwaga, maana kumwaga ni kutengeneza ukoko mpya. Asubuhi yake shangazi na majirani wawili wakapita wakivibana vigae kwa vidole palipoonyesha uvimbe. Baada ya siku tatu zaidi ya nusu ya mashimo yale yalikuwa na kunde juu. Zilitoka na sura mbaya: shingo nene, makovu, nyingine na nusu moja ya mbegu, na chache zenye kipara, zimesimama wima bila kichipukizi. Hizo za kipara tuling'oa.

Magharibi tulirudishia. Safari hii mbegu tatu kila shimo, kina cha vidole viwili, na badala ya kufukia kwa udongo mtupu tukaweka juu ya kila shimo gao la samadi kavu iliyopondwa. Samadi haishiki ukoko. Kwenye mistari michache tulitandaza nyasi nyepesi, mbuzi wa jirani wakazila usiku uleule, kwa hiyo kuhusu matandazo sina matokeo ya kuripoti.

Ndizi kwenye ndoo

Kijana hakuridhika na habari ya gesi. "Mjomba, utajuaje kama ni gesi na si huo udongo tu?" Swali zuri, na ndilo Neljubow alilolijibu. Tukachukua ndoo mbili zenye vifuniko, kila moja tukaweka kitambaa chenye unyevu na kunde 20. Kunde hizo nilikwenda kununua mwenyewe kwa yule muuzaji, mfuko wenye namba ileile ya mzigo iliyokuwa kwenye mfuko wa shangazi. Ndoo moja tukaiwekea ndizi mbivu mbili juu ya kisosi. Zote tukazifunika na kuzisukuma uvunguni, gizani.

Siku ya tano tukazifunua. Ndoo isiyo na ndizi ilijaa miche mirefu, myembamba, mieupe, imeegemeana kama watu waliosinzia kwenye daladala. Ndoo ya ndizi ilikuwa na miche mifupi, mashingo manene, mikunjo imekazwa, baadhi imelala kwa ubavu kwenye kitambaa. Hakukuwa na udongo. Hakukuwa na ukoko. Wanaootesha choroko za mboga kibiashara hutumia ethilini hivyo hivyo kupata machipukizi manono.

Na kwa jumla, kwa ndoo zote mbili, zilizoota zilikuwa 37 kati ya 40.

Shangazi alizihesabu mwenyewe, mara mbili, akizihamishia kwenye ungo. Kisha akachukua mche mmoja wa ndoo ya ndizi, akauweka karibu na ule mkavu wa shambani aliokuwa ameutunza dirishani tangu siku ile, akavilinganisha. Hakusema kitu kuhusu muuzaji. Jumamosi alimtuma mjukuu dukani kwake kununua kilo mbili za kurudishia, akampa na mafungu mawili ya mchicha ampelekee. "Mwambie ni wa mboga tu," akamwagiza. "Asije akadhani kuna maneno."